Wazazi wa Arusha na Moshi, leo hii shikeni rimoti zote za nyumbani muangalie betri zake

mama_wa_sakina (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajamvi. Mimi humu ni msomaji tu, sijawahi kuanzisha uzi, ila leo mtoto amelala na nyumba imetulia nimeona niandike kabla sijaahirisha tena. Naombeni msome hata kama ni ndefu.

Tunaishi Sakina, Arusha. Mwanangu wa mwisho ana mwaka mmoja na miezi minane, kaka yake ana miaka sita. Krismasi baba yao aliwaletea zile taa za utepe za rangi rangi za kubandika ukutani, zinakujaga na karimoti kembamba keupe kenye vitufe vya rangi. Yule mdogo alikapenda kale karimoti kuliko toi zote. Anaweka sikioni anasema alo, ananyonya, analala nako, na mimi nikawa nampa kabisa kwa mkono wangu maana akiwa nako anatulia napika. Toi nilikua nakagua jamani. Mdoli ukiwa na macho ya kubandika nang'oa, gari likitoka tairi natupa siku hiyo hiyo. Rimoti sikuwahi kuikagua kwa sababu kichwani mwangu rimoti sio toi, kumbe kwa mtoto kila anachokishika ni toi.

Jumamosi kwenye saa tano asubuhi niko nje naanua nguo nikasikia kakohoa mara mbili tatu kama kapaliwa, nikaingia mbio, nikamkuta yuko sawa ila macho yana machozi, nikampiga piga mgongo akatulia. Sikuona kitu mdomoni. Mchana akakataa uji. Akawa anatoa udenda mwingi, nguo ya kifuani inalowa kila saa nabadilisha, nikasema meno hayo. Saa kumi akatapika kidogo, nikaenda duka la dawa nikaeleza anakohoa na ana udenda nikapewa dawa ya kikohozi, wala simlaumu aliyenipa maana mimi ndo nilimwambia kikohozi. Akikunywa inarudi yote.

Saa mbili usiku kaka yake anataka kubadilisha rangi ya taa, anabonyeza rimoti haiwaki. Ananiambia mama mbona haina betri. Nikaichukua, kile kidroo cha chini kiko wazi na ndani ni peupe. Asee miguu iliisha nguvu. Kile kidroo hakina skrubu, ukikibana na ukucha kinavutika kinatoka na betri yake, duara kama sarafu. Nilimbeba mtoto na kanga moja tu.

Hospitali ya kwanza hapa mjini walimpiga eksirei, ikaonekana imekwama juu kidogo ya kifua. Daktari alinionyesha kwenye picha, akasema ingekuwa sarafu ningeona duara moja, hii ina duara ndani ya duara, ni betri. Wakatupakia kwenye ambulansi kwenda Moshi usiku ule ule, kilomita kama 80, mimi nimeshika mkono wake Usa River mpaka Boma Ng'ombe nasali tu. Wakaitoa kwa kamera ya mdomoni akiwa amelazwa usingizi. Ilivyotoka ni nyeusi, na koo limeungua. Ilikaa humo zaidi ya saa kumi na mbili.

Tumekaa wodini wiki mbili na nusu analishwa kwa mpira wa puani. Sasa tuko nyumbani, anakula laini laini, na tunarudi tena waangalie kama koo linaanza kubana. Mungu ametenda, ila naandika hivi mtu mwingine ashike rimoti zake leo, sio kesho. Na mwenye ujuzi wa mambo haya naomba aongezee.

---

Mdau_Njiro

Pole sana dada, nimesoma nimesisimka. Nimeinuka hapo hapo nimeenda kuangalia, tuna karimoti kama hako hako cha feni ya juu. Kidroo kile kile. Nimekapandisha juu ya kabati la nguo mpaka nijue la kufanya.

---

fundi_umeme_mbauda

Pole mama. Mimi natengeneza redio na tv huku Mbauda, ngoja niwaeleze hiki kitu kinafanyaje maana wengi wanadhani betri inaua kwa sumu inayovuja, hapana, mara nyingi haijavuja hata tone.

Ile betri ya rimoti nyembamba imeandikwa CR2025 au CR2032. Namba mbili za mwanzo, 20, ni upana wa milimita 20, zinazofuata ni unene, 32 maana yake milimita 3.2. Ina volti 3. Sasa koo la mtoto wa mwaka au miaka miwili linabana kitu cha upana ule ule, haipiti kwenda chini. Ikishakwama, nyama mbichi yenye mate imegusa pande zote mbili, chanya na hasi, umeme unaanza kupita, na pale upande wa hasi maji maji ya mwili yanageuka kuwa kitu kikali cha jamii ya kostiki soda. Yaani inajitengenezea kostiki yenyewe papo hapo. Ndani ya saa mbili tayari inaweza kuwa imeunguza vibaya, na haihitaji mtoto aitafune wala itoboke.

Alafu kitu kingine. Betri iliyoisha bado ina nguvu ya kuunguza. Rimoti haiwaki kwa sababu betri imeshuka, lakini kilichobaki kinatosha kabisa kuchoma koo. Watu wanabadilisha betri wanaiacha ile ya zamani juu ya meza ya tv au dirishani. Ukiitoa funga selotepu pande zote mbili, alafu itupe mahali mtoto hafiki, sio kwenye ndoo ya taka ya jikoni anayoipekua kila siku.

Zile ndogo za LR44 za kalkuleta na midoli inayoimba ni milimita 11 na kidogo, nyingi zinapita, lakini sio za kuchezea nazo, zinaingia puani na masikioni. Na angalieni sehemu msizofikiria, ufunguo wa gari, mzani wa jikoni, kipima joto, kipima sukari cha bibi, vitochi vya funguo, viatu vya watoto vinavyowaka taa kisigino, kadi za kuimba hepi bathdei.

Marekani walitunga sheria 2022, inaitwa Sheria ya Reese, jina la mtoto wa miezi 18 aliyemeza betri ya rimoti akafariki Desemba 2020. Inataka vifaa vya nyumbani vyenye betri hizo vifunguliwe kwa bisibisi, au kwa miondoko miwili kwa pamoja ambayo mtoto hawezi. Toi kule zilikua tayari zinadaiwa skrubu, rimoti ndo ilikua imeachwa, na ndo hiyo hiyo aliyoshika mtoto wa huyu mama.

Kwa sasa mimi wateja wangu nawafungia kile kidroo kwa selotepu nyeusi ya umeme, mizunguko mitatu. Sio dawa ya kudumu, mtoto akiwa na meno ataichana, kwa hiyo rimoti bado ikae juu.

---

nesi_wa_usiku

Dada pole, na hongera kwa kuandika. Mimi ni nesi wa watoto, nipo Moshi, sitasema wapi. Naomba niongeze ya hospitali maana hapa ndipo muda unapotea.

Ukihisi tu, hata kama hujaona akimeza, nenda kituo chenye eksirei, na ukifika mlangoni usianze na anakohoa au anatapika. Sema neno moja kwanza: BETRI. Mtoto mwenye udenda, anayekataa kula, anakohoa, yuko kama kila mtoto mwenye mafua siku hiyo kwenye foleni, na mimi nikiwa zamu na watoto arobaini mbele yangu hilo neno ndilo litakalomtoa wako kwenye benchi. Kama unayo rimoti au betri nyingine ya pakiti ile ile ibebe, tusome namba.

Msimtapishe. Msimpe ndizi wala ugali eti imsukume iende chini, na msimpe chakula chochote maana atahitaji usingizi wa kuitoa.

Kuna kitu kimoja tu kinachoruhusiwa njiani, asali, na naomba msome vizuri. Mtoto awe amezidi mwaka MMOJA, awe anaweza kumeza, na betri iwe imemezwa ndani ya saa 12 zilizopita. Vijiko viwili vya chai, yaani kama mililita 10, kila baada ya dakika kumi, isizidi mara sita. Asali inaifunika betri na kupunguza ule ukali wakati mnaelekea hospitali, haiitoi na haiponyi. Kama asali haipo ndani usisimamishe boda uende kutafuta, nenda hospitali. Chini ya mwaka mmoja asali hapana kabisa, inaweza kumletea ugonjwa wa kulegea mwili mzima.

Betri ikiwa puani au sikioni ni dharura ile ile. Usiweke matone ya dawa wala mafuta, maji maji ndo yanaiwasha.

Na dada, hili nakwambia wewe na sio kukutisha, kidonda kile kinaendelea hata baada ya betri kutoka. Wiki kadhaa mbele ukiona anatapika damu hata kidogo, au choo cheusi kama lami, usingoje tarehe ya kliniki, rudi saa hiyo hiyo.

---

mama_wa_sakina

Dada nesi asante, hilo la choo cheusi waliniambia wakati natoka ila nilikua nimechanganyikiwa sikushika vizuri. Nimeandika kwenye karatasi nimebandika kwenye friji. Asali sikujua kabisa, na ndani ilikuwepo, ya Singida, chupa nzima.

---

Ngarenaro_Mkongwe

Poleni. Ila wazazi wa siku hizi mmekuwa na hofu nyingi, sisi tumekua tunatengeneza magari ya makopo, matairi tunakata kandambili, tunajikata na bati, tunameza mbegu za zambarau, na tuko hapa na wajukuu. Mtoto akilindwa na kila kitu hatajifunza.

---

fundi_umeme_mbauda

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana na wewe kwenye gari la kopo, hata mimi nilikua nalo na kovu ninalo kwenye kidole gumba. Lakini kopo likikukata unalia, mama anasikia, anakufunga kitambaa. Betri haimlizi mtoto. Inakaa kimya inachoma na yeye anacheza. Mbegu ya zambarau haina umeme mzee.

---

Ngarenaro_Mkongwe

Marahaba. Hapo kwenye kimya umenishika. Nina mjukuu anakujaga jumapili, na mimi natumia kipima sukari. Nitaangalia.

---

toi_na_begi_kilombero

Mimi nauza toi, natandaza karibu na soko la Kilombero hapa Arusha, sijui kama nitatukanwa humu ila nimesoma nimeona nisikae kimya. Mzigo wetu unatoka Kariakoo, mwingi unakuja umeshatolewa kwenye maboksi maana boksi linajaza nafasi kwenye basi, kwa hiyo ile picha ya duara lenye sura ya mtoto limepigwa mstari na kuandikwa 0-3 mteja haioni, imebaki Dar. Na mteja akiniuliza hii ya umri gani mimi namwambia yoyote, maana nataka nimuuzie. Nimefanya hivyo miaka mingi.

Jana baada ya kusoma huu uzi nilikaa jioni na bisibisi ndogo ya elfu moja nikafungua toi zote za betri. Simu zinazoimba 22, saba hazina skrubu kabisa, tundu lipo ila skrubu haipo, zinashikiliwa na kidude cha plastiki tu. Nilizitoa betri hizo saba. Na kuna zile shanga za maji zinazovimba, watoto wanazipenda sana, zikiwa kavu ni kama mbegu ya haradali na ukiziweka kwenye maji zinakua kama gololi. Naomba nesi anisaidie, hizo zina shida? Na vile vigololi vya sumaku vinavyoshikana?

---

nesi_wa_usiku

Kaka asante kwa ukweli wako. Zote mbili zina shida kubwa. Shanga ya maji mtoto akiimeza kavu inaenda kuvimbia kwenye utumbo, inaziba, na kwenye eksirei ya kawaida haionekani, tunahangaika kutafuta. Sumaku moja inaweza kupita, lakini akimeza mbili au zaidi zinavutana zikiwa kwenye mikunjo tofauti ya utumbo, zinabana nyama katikati mpaka inaoza na kutoboka. Hapo ni kupasuliwa. Kama unaweza kuacha kuziuza, acha. Na maputo, mtoto mdogo usimwachie alipulize mwenyewe, na likipasuka okota vipande vyote kwanza, kile kipande cha mpira kikiingia kooni kinajinatisha kama kifuniko, kukitoa ni kazi.

Kwa mzazi aliye sokoni bila boksi la kusoma, kuna kipimo cha bure. Chukua lile boksi la katikati la toileti pepa. Kitu chochote kinachopita mle ndani, mtoto wa chini ya miaka mitatu asikipate. Kipimo cha viwandani ni chembamba zaidi, kina upana wa milimita 31.7, kwa hiyo la toileti pepa linakupa akiba kidogo.

---

BabaWawili_Majengo

Hapo kwenye kuziba koo naomba niseme la kwangu. Mwaka juzi mwanangu wa miaka miwili alikua anakula karanga za kukaanga alizopewa na wageni, akawa anakimbia huku anacheka, akanyamaza ghafla. Sio kukohoa, KUNYAMAZA. Uso ukabadilika rangi. Mke wangu akataka kuingiza kidole, jirani yetu mmoja aliyewahi kusoma huduma ya kwanza akampiga mkono akamwambia usiingize, utaisukuma. Akamlaza mtoto kifudifudi juu ya paja lake, kichwa chini, akampiga katikati ya mabega kwa kiganja mara tano, kwa nguvu ya kweli, sio kubembeleza. Ya nne ikatoka. Kuanzia siku hiyo karanga na bisi nyumbani kwangu ni mpaka miaka mitano, tunasaga tunaweka kwenye mboga.

---

nesi_wa_usiku

Jirani yako Mungu ambariki. Kama zile tano zisingetosha, mtoto aliyezidi mwaka unasimama nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu, unavuta ndani kwenda juu mara tano, alafu unarudia mgongo, hivyo hivyo kwa zamu. Chini ya mwaka tumbo HALIGUSWI, unamgeuza chali unabonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Akiwa anakohoa kwa sauti mwache akohoe, kikohozi chenye nguvu kinafanya kazi kuliko mkono wako. Na hata ikitoka mpeleke akasikilizwe kifua, karanga ikigawanyika nusu inaweza kubaki kwenye pafu akaugua wiki nzima mnadhani nimonia.

---

sabuni_za_pasua

Hodi. Mimi nipo Pasua, natengeneza sabuni ya maji naiuza kwa lita. Uzi ni wa toi ila naona umefika nyumbani mwangu. Malighafi zetu jamani ni moto, ile asidi ya salfoniki, kostiki, tunapimiwa dukani kwenye chupa yoyote uliyokuja nayo, na chupa yoyote ni ya soda au ya juisi. Na sabuni yenyewe ikiisha kutengenezwa naiweka kwenye chupa za maji ya kunywa, ya kijani, ya njano, ya waridi, inang'aa kabisa kama juisi ya duka, alafu mteja anaiweka chini ya sinki.

Mtoto wa mpangaji mwenzetu mwaka jana alikunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Wakubwa wakamnywesha maziwa, wakamwekea kidole atapike, akapata shida ya kupumua vibaya sana, alilazwa. Nesi naomba usahihishe hapo maana mtaani kila mtu anajua maziwa.

---

nesi_wa_usiku

Maziwa hapana, mafuta ya kula hapana, kutapisha hapana. Mafuta ya taa yakikaa tumboni ubaya wake ni mdogo kuliko yakiingia kwenye mapafu, na yanaingia kwenye mapafu pale unapomtapisha. Kostiki na jiki hivyo hivyo, kimeunguza kikishuka, ukimtapisha kinaunguza tena kikipanda. Mvue nguo yenye mafuta, futa mdomo, beba chupa, nenda.

Na kwa wenye wajawazito nyumbani, vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu vya kliniki. Vina ganda tamu, mtoto anavila kama pipi. Madini ya chuma yakizidi kwa mtoto yanaua, na yana tabia mbaya, anatapika, kisha anatulia unadhani kapona, baada ya masaa anaanguka. Ukikuta pakiti imepungua hesabu vilivyobaki uje navyo.

---

sabuni_za_pasua

Asante dada. Kuanzia mzigo huu nauza kwenye madumu meupe yenye mfuniko wa kubana, na mteja akileta chupa ya soda namrudisha. Nitapoteza wateja wawili watatu, sawa tu.

---

Meku_wa_Kibosho

Wanangu nawasoma. Huku mlimani kwetu shida yetu kubwa ni maji. Mfongo, yaani mfereji wa maji ya shamba, unapita nyuma ya nyumba, siku ya zamu ya maji unajaa, na mtoto anayejifunza kutembea anafuata maji kama kifaranga. Sisi tumeweka uzio wa masale na mbao upande wa nyumba, mlango mdogo una komeo juu. Na sio mfongo tu, mjukuu wa jirani alitumbukia kichwa chini kwenye ndoo ya lita 20 iliyobaki maji kidogo ya kufulia, kichwa cha mtoto ni kizito kuliko kiwiliwili, akishaingia hawezi kujiinua. Aliwahiwa. Ndoo ikishatumika igeuzwe, jaba liwe na mfuniko.

---

mdada_ngaramtoni

Na sisi wa Ngaramtoni kwenye baridi niseme la jiko. Mwezi wa sita na wa saba watu wanaingiza jiko la mkaa ndani kulalia nalo, wanasema mkaa ukishawaka vizuri hauna moshi. Moshi ndio hauna, lakini kuna hewa ya kaboni monoksidi ambayo haina rangi wala harufu, na mtoto inamuwahi kabla yako. Ukiamka kichwa kinagonga na watoto wanatapika wote kwa pamoja hiyo sio malaria, toeni watu nje kwanza. Blanketi mbili na soksi. Zimamoto ni 114, iandikeni ukutani.

---

Mdau_Njiro

Swali, haya yote tunamwachia dada wa kazi, mara nyingi binti wa miaka 18 kutoka kijijini, mtoto akiumia tunamfukuza. Kuna mtu humu amekaa naye chini akamuonyesha? Mimi sijawahi, namwachia tu hela ya mboga naondoka.

---

mama_wa_sakina

Umegusa. Siku ile dada yangu wa kazi alikua likizo, rimoti nilimpa mimi, na bado ndugu wa kwanza kunipigia simu aliuliza "huyo dada alikua wapi?" Alivyorudi nilikaa naye sebuleni tukafungua kila kitu chenye betri, akanionyesha kuna kadi ya bathdei kwenye kabati la watoto inaimba mpaka leo, sikuwa najua. Tumempa uwezo wa kupanda boda na mtoto kwenda hospitali bila kunipigia kwanza, na elfu ishirini iko kwenye kopo kwa ajili hiyo tu.

Na wote asanteni. Kaka wa Kilombero nikija mjini nitanunua kwako. Nimeulizwa pembeni na wengi mtoto anaendeleaje. Leo mchana amekula mtori uliopondwa, vijiko saba, akaomba maji mwenyewe. Jumatano tunarudi Moshi.